Taa ya Gurudumu la Kulia

Kabula alizikwa Kimali, na mimi nilikuwepo. Natanguliza jambo hili kwa sababu wako watu wanaousimulia msiba ule ilhali hawakufika. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa, nasi tumeketi chini ya turubai tukingoja chakula, alipotokea mtani wa ukoo wao, mzee aitwaye Mhoja. Shingoni alikuwa amevaa uzi wenye globu ya tochi iliyopakwa rangi ya kijani. Alitanua mikono kama mbawa, akatuzunguka mara mbili huku akivuma kwa midomo, kisha akasimama mbele ya wafiwa.

"Tumeshindwa kutua," alisema. "Magurudumu matatu, taa mbili. Ya tatu marehemu aliiba akiwa darasa la tano, na leo ameondoka nayo moja kwa moja."

"Mngempekua kabla hamjamfukia," mtu mmoja akadakia kutoka nyuma.

Wakacheka wote, hata watoto wa marehemu, kwa kuwa mtani ana haki yake msibani na haifai kumkasirikia. Mimi nilikasirika. Nimetumikia masijala ya wilaya hadi siku ya kustaafu, na katika kazi ile, jalada likirudi jembamba kuliko lilivyotoka, aliyelirudisha simwulizi hali ya nyumbani kwake. Namwuliza karatasi ziko wapi. Habari ya Mhoja ilikuwa jalada la namna hiyo. Taa haikuibwa. Niliiona kwa macho yangu ikiwaka. Kilichotokea kilikuwa kitu kingine, na kwa miaka yote nilijihesabu kuwa ndiye pekee ninayekijua kwa ukamilifu. Nakiandika hapa kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, mnaokumbuka shule zenye walimu wanne na chaki ya kugawana, ili kibaki kama kilivyokuwa.

Shule yetu ilikuwa Nkololo, ng'ambo ya mashamba ya pamba. Mwalimu wetu wa sayansi aliitwa Ndaki. Ujanani mwake alikuwa amefagia karakana ya ndege mjini Mwanza, na ingawa kazi yake ilikuwa kufagia tu, macho hakuyafumba. Mwaka ule alipewa tela bovu la kubebea pamba. Akaliinua juu ya magogo, akalizungushia magunia ubavuni, akaweka viti viwili mbele na vinane nyuma, akatutangazia kwamba hiyo ni ndege ya abiria ya kujifunzia. Hatukucheka. Ilinuka mbegu za pamba, kutu na rangi mbichi, na hadi leo nikipita karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba wakati wa msimu, tumbo langu hujiandaa kwa safari.

Fahari ya ndege ile ilikuwa magurudumu yake. Yalikuwa matatu, moja mbele na mawili nyuma, yote yametolewa kwenye matoroli. Kila moja lilifungwa kwenye mti wenye bawaba na kuvutwa juu kwa kamba iliyopenya sakafuni hadi kwenye kiti cha rubani. Vitanzi vya kamba zote tatu vilivishwa kwenye kijiti kimoja. Rubani akichomoa kijiti, kamba zinaachia na magurudumu yanashuka kwa uzito wake. Gurudumu likifika mwisho wa njia yake, bati lililopigiliwa kwenye mti wake linagusa bati lililo kwenye gogo, umeme wa betri za redio unapita, na globu moja ya kijani inawaka mbele ya rubani. Taa tatu, unatua. Taa mbili, hutui.

"Na taa moja isipowaka?" Mwalimu Ndaki alituuliza siku ya kwanza.

"Tunaanguka, Mwalimu," tukajibu kwa pamoja.

"Hamwanguki. Mafuta bado mnayo. Mnazunguka juu, na mnashuku." Akaandika ubaoni, nami nikanakili: kwanza shuku globu, pili shuku waya, tatu shuku gurudumu lenyewe. "Kwa mpangilio huo huo. Na katika orodha hii mtu hayumo. Mkianza kushuku mtu, ndege itaanguka huku mnagombana."

Rubani aliyechaguliwa alikuwa Kabula, binti wa mfugaji, mrefu, mwepesi wa kucheka, ambaye madaftari yake yalinuka zizi. Alichomoa kijiti kwa mkono wa mtu aliyezoea kukamua, bila haraka na bila kukipindisha. Mimi nilikuwa msaidizi wake, kazi yangu kusoma orodha kwa sauti. Sikuridhika, na sioni sababu ya kulificha. Madaftari yangu yalikuwa safi. Nilikuwa hata na daftari la ziada ambamo kila jioni niliandika niliyoyafanya, ingawa hakuna aliyeniagiza.

Nilijua kwamba ndege yetu hairuki. Pamoja na hayo, nilipofagia ndani yake nilizizoa takataka zote na kuzitoa kwa mkono, nisije nikawamwagia watu wa Kimali, ambao akilini mwangu walikuwa chini yetu. Na moyoni, mahali ambapo sikumruhusu mtu kuchungulia, niliamini kwamba mkaguzi wa elimu atakapokuja na kuziona taa tatu, atamchukua rubani na kuondoka naye kwenda kwenye ndege za kweli, na msaidizi ataachwa Nkololo na orodha yake.

Ziara ya mkaguzi ikatangazwa. Siku iliyotangulia, baada ya masomo, nilibaki kuiandaa ndege. Nilikuwa nimekwisha kutoka na kufika penye kisima nilipogeuka na kumwona Kabula akiinama na kupenya chini ya magunia, upande wa kulia. Alikaa humo muda wa kutosha kuimba wimbo wa shule mara mbili. Alipotoka, ngumi moja alikuwa ameifumba.

"Umeshika nini?" nilimwuliza.

"Sijashika kitu."

"Fumbua basi."

"Wewe, umekuwa polisi tangu lini?" Alicheka, akaificha ngumi ndani ya sketi, akakimbilia njia ya kwao.

Nikaliandika na hilo.

Kesho yake mkaguzi alipanda ndege yetu, akakaa kiti cha abiria pamoja na mwalimu mkuu, magoti yamemfika kifuani. Kabula akachomoa kijiti. Vitanzi vyote vitatu vikaachia, niliviona. Tukasikia magurudumu yakishuka chini yetu. Taa ya mbele ikawaka. Ya kushoto ikawaka. Ya kulia ikabaki giza.

"Zungukeni," alisema Mwalimu Ndaki, kwa sauti ile ile aliyotumia kufundisha mbegu na mizizi. "Bado tuko juu. Msaidizi, soma."

"Kwanza, shuku globu."

Kabula akazifungua globu ya kulia na ya kushoto, akazibadilisha mahali. Ile iliyokuwa giza ikawaka upande wa kushoto.

"Globu nzima, Mwalimu," alisema.

Nawaomba Mhoja na wote waliocheka waisome sentensi hiyo mara mbili.

"Pili, shuku waya."

Mwalimu akapiga magoti na kuanza kuufuata waya kwa vidole, kutoka kwenye globu kuelekea sakafuni. Mkaguzi akatazama saa yake. Mwalimu mkuu akakohoa. Nami nikiwa bado nimeishika orodha, nikainua macho kutoka kwenye karatasi na kusema nisichoulizwa: "Mwalimu, jana Kabula aliingia chini upande wa kulia, akatoka na kitu mkononi."

Waya haukufuatwa tena.

Ofisini mwalimu mkuu aliuliza nani alikuwa wa mwisho ndani ya ndege. Nikafungua daftari langu na kusoma mbele yao wote: "Nimefagia. Nimepanga viti. Nimefuta vumbi kwenye taa. Kamba ya kulia ilikuwa ndefu na imelala ovyo, nimeikusanya na kuifunga vizuri. Nimetoka. Nimemwona Kabula akiingia chini, upande wa kulia. Ametoka amefumba ngumi." Mwalimu mkuu alisema kwamba laiti angekuwa na wanafunzi watano kama mimi, shule ile ingefika mbali. Kisha akamgeukia Kabula.

"Ulichukua kitu?"

Kabula alitazama miguu yake. "Nilichukua."

"Kitu gani?"

Aliulizwa tena na tena hadi akalia, lakini kitu chenyewe hakukitaja. Baba yake akaitwa. Alikuja na fimbo yake ya kuchungia, akasimama nje ya mlango bila kuingia.

"Amekiri?" aliuliza.

"Amekiri kuchukua," akasema mwalimu mkuu. "Hasemi alichukua nini."

"Basi. Kama amekuja hapa kujifunza kuchukua, amekwisha kuhitimu."

Juma lile lile Kabula alipelekwa Kimali kwa shangazi yake kuchunga ndama, na darasani hakurudi tena, si Nkololo wala kwingineko. Ndiko alikoolewa, ndiko alikozeeka, na jina la mwizi wa ndege lilimfuata. Watu walipokosa kujua alichoiba, wakamtafutia, na globu ilikuwa kitu kidogo kinachoenea ngumini.

Mwalimu mkuu aliamuru ndege ivunjwe. Nilimsaidia Mwalimu Ndaki kukunja magunia, kwa kuwa hakukuwa na msaidizi mwingine. Gurudumu la mbele na la kushoto yalitoka bila taabu. Kamba ya gurudumu la kulia ilimshinda kufungua. Aliiangalia muda mrefu mahali ilipoishia, kwenye nguzo ya sakafuni, kisha akatoa kisu akaikata. Gurudumu likashuka kiasi cha upana wa kiganja, likagonga gogo, na mbele ya kiti kitupu cha rubani taa ya tatu ikawaka.

Niliitazama ikiwaka na nikaelewa, kama nilivyoelewa mambo yote wakati ule: mwizi ameondoka, taa imerudi. Niliona ni ushahidi tosha.

"Orodha hatukuimaliza," Mwalimu Ndaki aliniambia.

Nilidhani anasikitikia ndege yake. "Pole, Mwalimu," nikamjibu.

Baadaye nilisikia kwamba alikwenda Kimali kwa baiskeli mara mbili, na mara zote mbili alirudi peke yake. Nilidhani ana ndugu huko. Muhula uliofuata mimi nilifanywa kiranja.

Kuna jambo moja la siku ya mazishi nililolichelewesha, kwa sababu mahali pake ni hapa. Minza, mdogo wake Kabula, alikuwa akipita na maji ya kunawa. Alipofika kwangu vicheko vilikuwa vimepungua. Aliinama, akanimiminia, akasema kwa sauti ya chini, "Dada hakuiba taa."

"Najua," nikasema. "Globu ilikuwa nzima. Niliiona."

"Aliiba mafuta ya ng'ombe." Hakunitazama. "Magurudumu ya ndege yenu yalikuwa yakilia, akaona aibu mgeni asije akayasikia. Akachota kidogo kwenye kibuyu cha mayu, mama yetu. Mama alikuwa ameyaweka kwa wageni wa posa ya dada yetu mkubwa. Baba angejua yamepungua, angepigwa mama. Ndiyo maana alificha mkono wenye mafuta, na ndiyo maana alinyamaza."

"Alikwambia lini?"

"Alikuwa akiniambia kila mwaka. Wewe hukuja kuuliza." Akaenda kumnawisha mwingine.

Nakiri kwamba sikumwamini. Maneno ya ndugu wa marehemu si ushahidi, na gurudumu lililopakwa mafuta lingepaswa kushuka vizuri zaidi, si vibaya zaidi. Nilirudi nyumbani Bariadi na shaka mbili badala ya moja. Nikaandika barua ya masahihisho kwa ukoo wa marehemu, nikieleza kwamba globu haikuibwa kamwe na kwamba kitu kilichochukuliwa "hakijathibitika hadi sasa". Niliipenda ibara hiyo. Nikaipeleka kwa Milembe, binti wa kaka yangu, aichape.

Milembe ana duka la kutengeneza kompyuta hapa mjini. Saa za mchana wateja wanapopungua, hurusha ndege ya abiria kwenye kioo cha kompyuta, pamoja na mawingu, mlio na sauti ya mtu anayeita kutoka mnarani. Nimewahi kumwambia kwamba mtu mzima mwenye leseni ya biashara hachezi gemu kazini.

"Si gemu, Shangazi, ni simuleta, ndege ya kujifunzia," alisema siku ile pia, bila kugeuka. "Kaa kidogo, nitue kwanza. Magurudumu yamenigomea tangu asubuhi."

Nilikaa. Nilikusudia kutazama pembeni, lakini kiooni zilikuwepo taa tatu. Milembe alibonyeza, taa tatu za kijani zikawaka, na kabla sijapumua zikazima zote. Ndege ilikuwa imeyarudisha magurudumu tumboni yenyewe.

"Pengine kasi ni kubwa," alisema, akapunguza. Zikawaka, zikazima. "Pengine mgandamizo wa mafuta umeshuka." Akatazama, haukuwa umeshuka. Akajaribu njia ya dharura ya kuyaachia yashuke kwa uzito wake, nayo ikashindwa. Alizunguka juu ya uwanja mara ya nne.

"Nani alikaa hapa jana?" nilimwuliza. "Yule kijana anayeleta wino simpendi. Ana mikono isiyotulia."

"Shangazi, tumalize ndege kwanza. Watu baadaye."

Sauti ile niliijua tangu Nkololo, ijapokuwa koo lilikuwa lingine. Milembe akaisimamisha safari, akafungua orodha ndefu ya vitufe na kazi zake, akaishuka mstari kwa mstari kwa kidole. Kisha akacheka peke yake. Alikuwa na usukani wa mtumba ulioungwa kwenye kompyuta, na ubavuni mwake swichi moja ndogo ilikuwa imelala upande wa juu.

"Ona hii. Mimi nashusha, yenyewe inapandisha. Amri mbili kwa gurudumu moja."

"Nani aliiweka hivyo?"

"Mimi. Juzi nilikuwa napanga vitu vikae vizuri, nikaona swichi iko bure, nikaipa kazi." Akaigeuza swichi. Taa tatu zikawaka na zikabaki. "Ndivyo ilivyo, Shangazi. Unatafuta mkono uliochezea ndege, mwisho unaukuta ni wako."

Ndege ya Milembe ilitua. Sikuiona ikitua.

*Nimeikusanya na kuifunga vizuri.* Kamba ya kulia ilikuwa ndefu, naam, kwa sababu gurudumu lilihitaji urefu wote ule ili lifike chini. Mimi niliiona ni uchafu. Niliikunja na kuifunga kwenye nguzo ya sakafuni kwa fundo pekee nililolijua, lile ambalo nyumbani tulifungia ndama jioni asimfuate mama yake, ambalo ndama akivuta ndipo linapokaza. Kitanzi nikakiacha kwenye kijiti, kwa hiyo kijiti kilipochomolewa kila kitu kilionekana sawa. Gurudumu likashuka, likavuta, fundo likakaza, na pale lilipobakiza upana wa kiganja likasimama. Niliusoma ushahidi huo kwa sauti yangu ofisini, mbele ya watu watatu waliosoma kuliko mimi, na nikasifiwa. Ni Mwalimu Ndaki tu aliyelikuta fundo, naye alichelewa kwa siku mbili. Na alipolikuta hakunitaja, maana katika orodha yake mtu hakuwemo.

"Hii barua niichape sasa?" Milembe aliuliza.

Nikamwambia airudishe.

Siku ya kumaliza matanga nilirudi Kimali na barua nyingine. Niliomba nafasi, nikasimama, nikaisoma yote: kamba, nguzo, fundo, mafuta ya ng'ombe, na maneno yangu mbele ya mkaguzi. Watoto wa Kabula walisikiliza bila kusogea. Minza alikuwa amesimama mlangoni na sinia ambalo hakuliweka chini.

Binti mkubwa wa Kabula aliuliza maswali mawili tu. "Mama alijua ni wewe uliyemsema?"

"Alijua. Nilisema mbele yake."

"Na habari ya kamba?"

"Hiyo hakuijua. Angekuwa hai, ningemwambia yeye kwanza."

"Angecheka," alisema binti yule.

Mhoja akainuka kutoka kwenye mkeka. Globu bado ilikuwa shingoni mwake.

"Ngoja nielewe," alisema. "Miaka yote hii tumezunguka juu tukimtukana rubani, kumbe msaidizi ndiye aliyefunga gurudumu kama ndama."

"Ndivyo," nikasema.

"Na leo umepanda basi kutoka Bariadi, na barua iliyopigwa chapa, kuja kulishusha."

"Ndivyo."

Akauvua uzi. "Lete shingo."

Nikainama. Mtu mmoja alianza kucheka, kisha mwingine, kisha yule binti mkubwa akicheka na kulia kwa pamoja. Katika utumishi wangu sikuwahi kuruhusu vicheko ndani ya kikao, lakini nilibaki nimeinama hadi Mhoja alipomaliza kufunga. Alichukua muda wake. Ndani ya basi la kurudi nilijaribu kuivua globu ile kabla hatujafika mjini, nikakuta mzee amenifungia fundo la ndama, na kila nilipovuta lilikaza.